Askari mmoja kasema sawa, mwingine kasema kosa: maji ya hapa Marekani ni ya nani?

"Habari za kazi mwalimu. Naishi Brooklyn Park, Minnesota, na mwaka huu nimenunua boti ya alumini ya futi 17, mkono wa pili, mashine ya nyuma ya HP 40. Mwezi wa saba tulienda nayo Duluth, mimi, mke wangu na watoto watatu, miaka 11, 8 na 4. Tukiwa bado upande wa Duluth askari wa majini wa kaunti akatusimamisha, wale wadogo wawili walikuwa wamevaa laifu jaketi, yule wa 11 lake lilikuwa kwenye kiti pembeni yake, askari akaangalia akasema mko sawa, endeleeni. Haikupita saa moja, tumevuka upande wa Superior, Wisconsin, boti nyingine yenye mstari mwekundu uliolala pembeni ikatusimamisha, na hawa wakasema mtoto wa 11 lazima avae sasa hivi. Hatukupigwa faini, tulipewa onyo, lakini mke wangu aliudhika sana. Rafiki yangu mmoja anasema sheria ya Coast Guard, yaani askari wa majini wa serikali kuu, ni moja nchi nzima, kwa hiyo yule wa kwanza hajui kazi yake. Mwingine anasema Coast Guard ni wa bahari tu, kwenye maziwa hawana lao. Kweli hawa watu hawaongei wao kwa wao? Au ni sura zetu tu? Na mama yangu anakuja kutoka Kisii kiangazi kijacho, nataka nimpeleke majini, kibao cha boti kimeandikwa watu 5, nikihesabu watoto sidhani kama ni shida. Nimtii nani?"

Pole ndugu yangu. Najua hali inavyokuwa askari akisogeza boti ubavuni, watoto wananyamaza, mama anashika mkoba, na raha yote ya siku inaishia hapo hata kama mmeachiwa bila faini. Mimi nakagua boti kwa kujitolea karibu kila wikendi ya kiangazi, nimekulia pwani kwetu ambako chombo ni chombo na nahodha ni nahodha, na ilinichukua miaka kuielewa nchi hii ambayo ina serikali mbili kwenye kila ndoo ya maji. Swali lako naulizwa kila mwaka ila hujawahi kuja na mfano mzuri kama huu wako.

Nianze na jibu lenyewe manake najua ndilo unalolisubiri: wote wawili walikuwa sahihi. Hakuna aliyekosea kazi yake na hawakugongana. Ni wewe uliyevuka mstari usioonekana katikati ya ile ghuba, na sheria ikabadilika chini ya boti yako ukiwa umekaa palepale kwenye usukani.

Iko hivi. Kanuni ya taifa inasema mtoto wa chini ya miaka 13 akiwa kwenye boti ya starehe inayotembea lazima awe amevaa laifu jaketi, isipokuwa yuko ndani ya kibanda kilichofungwa au chini ya sitaha. Hiyo ndiyo inayosimamiwa na Coast Guard. Lakini kanuni hiyohiyo ina kipengele cha pili ambacho watu wengi hawakisomi: kama jimbo lina sheria yake ya umri wa watoto, basi ndani ya mipaka ya jimbo hilo umri wa jimbo ndio unaotumika, na hata Coast Guard mwenyewe akikukuta hapo atatumia umri wa jimbo. Minnesota ina sheria yake, inasema chini ya miaka 10. Kwa hiyo mtoto wako wa 11 akiwa Duluth, jaketi likiwa karibu naye na saizi yake, hajavunja kitu. Wisconsin haina sheria yake ya umri, hivyo ukivuka tu mstari wa jimbo kwenye maji ya taifa kama Ziwa Superior na ile bandari, ile 13 ya taifa inarudi kazini, na mtoto yuleyule, jaketi lilelile, kiti kilekile, tayari ni kosa. Texas nao wana 13 yao ila kwa boti za chini ya futi 26, Ohio ni chini ya 10 kwenye boti za chini ya futi 18. Ndio maana nikiulizwa "sheria ya Marekani inasemaje kuhusu watoto" huwa namuuliza mtu kwanza, uko maji gani?

Na ule mstari mwekundu uliolala pembeni ndio ulioniambia ni nani aliyewasimamisha mara ya pili, hiyo ni alama ya Coast Guard. Askari wa Wisconsin mwenyewe asingekuwa na sheria ya jimbo ya kukuandikia kwa kosa hilo.

Sasa twende kwa hao marafiki zako wawili, manake kila mmoja ana nusu ya ukweli na nusu ya ukweli majini ni hatari kuliko kutojua kabisa.

Huyu anayesema sheria ni moja nchi nzima, yuko sahihi kwenye kitu kimoja tu, namna boti inavyotengenezwa. Kuna sheria ya mwaka 1971 ya usalama wa boti, ndiyo iliyompa Coast Guard mamlaka ya kumbana mtengenezaji, na ikakataza majimbo kuweka viwango vyao tofauti vya utengenezaji. Fikiria kama kila jimbo lingekuwa na kipimo chake, kiwanda kingetengeneza boti 50 tofauti. Kwa hiyo ukiangalia tezi ya boti yako, yaani nyuma, upande wa kulia, karibu na juu kabisa, utakuta herufi na tarakimu 12 zimechongwa, tatu za kwanza ni za mtengenezaji. Hiyo ni ya taifa, ipo tangu mwishoni mwa 1972, na haibadiliki ukihama Minnesota kwenda Georgia. Kile kibao cha watu 5 nacho ni cha taifa, boti nyingi za mashine za chini ya futi 20 lazima ziwe nacho. Na kuna kitu kingine hukioni ila kipo, ile foamu iliyofichwa chini ya viti. Boti ya mashine ya nyuma ya ukubwa wako lazima itengenezwe hivi kwamba ikijaa maji ibaki inaelea sawasawa, isisimame omo, yaani mbele, juu na tezi chini. Ndio maana tunafundisha watu, boti ikijaa maji ishike, usiogelee kwenda ufukweni hata kama unauona pale, manake boti inaonekana kwa mbali na kichwa chako hakionekani.

Lakini namna unavyoitumia hiyo boti, kasi, umri wa dereva, pombe, wapi upite taratibu usiache wimbi, cheti cha kuendesha, haya kwa sehemu kubwa ni ya jimbo. Na anayekusimamia siku kwa siku ni jimbo. Hapa Minnesota ni maafisa wa DNR, idara ya maliasili, pamoja na masherifu wa kaunti na boti zao. Ukikaa kwenye ziwa la kaunti ya Hennepin mwaka mzima unaweza usimwone Coast Guard hata mmoja ila sherifu utamwona Jumamosi kabla hujamaliza soda.

Na huyu wa pili anayesema Coast Guard ni wa bahari tu, amesahau kwamba Coast Guard ana stesheni hapo hapo Duluth. Mamlaka yake hayafuati chumvi, yanafuata maji yanayohesabiwa kuwa ya taifa, yaani yale yanayopitika kwa safari na biashara kati ya majimbo au nchi. Ziwa Superior limo, mto Mississippi umo, mto St. Croix unaotutenganisha na Wisconsin umo. Kuna maziwa mengi ya ndani kabisa ambayo ni ya jimbo peke yake, hayo Coast Guard hayagusi. Ila hata huko, kibao, ile namba ya tezini, muundo wa namba za omo, vyote ni mkono wa taifa umefika kabla yako.

Nikuoneshe panapoleta shida kweli. Tangu 1 Aprili 2021 sheria ya taifa inasema ukiendesha boti ya chini ya futi 26 yenye mashine ya HP 3 kwenda juu, na boti imeshapanda juu ya maji inakimbia, dereva lazima awe amejifunga ile kamba ya kuzimia injini, kama boti imewekewa swichi hiyo. Ni ile kamba nyekundu iliyojikunja kama waya wa simu ya zamani. Sheria iliandika faini ya kosa la kwanza kuwa dola 100. Hiyo sheria inatumika kwenye maji ya taifa. Kwenye ziwa la jimbo peke yake inategemea jimbo limeandika nini, na watu wanaanza kubishana, hapa ni lazima, hapa si lazima. Mimi nakwambia jifunge popote, hata kwenye bwawa. Dereva akirushwa nje kwa wimbi na mashine ikabaki inazunguka, boti huwa inaanza kukata duara na kumrudia aliyeanguka. Propela haiulizi uko maji ya nani.

Umeuliza kama hawa watu hawaongei. Wanaongea sana kuliko unavyodhani, na hapa nitakaa kidogo manake ndiyo sehemu ninayoipenda.

Zamani kabla ya boti kuwa nyingi, mambo ya majini yalikuwa ya serikali kuu. Baada ya vita watu wa kawaida wakaanza kununua boti ndogo kama wewe ulivyonunua, na serikali kuu ikaona haiwezi kuweka mtu kila ziwa. Mwaka 1958 ikatungwa sheria ya kuwapa majimbo kazi ya kusajili boti. Mwaka 1960 wale wakuu wa sheria za boti wa majimbo wakaunda chama chao, kinaitwa NASBLA, ili wakae pamoja wajaribu kufananisha sheria zao, na ndicho chama ambacho leo kinaidhinisha kozi za usalama wa boti, cheti cha Minnesota kikiwa na muhuri wao majimbo mengine yanakitambua. Halafu ikaja ile sheria ya 1971 na ikaongeza vitu viwili vikubwa: baraza la ushauri la watu 21, saba kutoka majimbo, saba kutoka watengenezaji, saba kutoka kwa watumiaji na wananchi, ili Coast Guard asikae ofisini akatunga kanuni peke yake, na pesa.

Pesa ndiyo inayowaunganisha. Kila ukijaza mafuta kwenye boti yako kuna kodi ya taifa ndani ya bei, na hata ndoano na fimbo ya kuvulia vinatozwa. Tangu 1984, kwa sheria iliyobeba majina ya Seneta Wallop wa Wyoming na mbunge Breaux wa Louisiana, sehemu ya hela hiyo inaingia kwenye mfuko maalumu, na sehemu ya mfuko inarudi majimboni kwa kazi ya usalama wa boti, jimbo nalo likiweka lake, serikali kuu hailipi zaidi ya nusu. Mgawo unaenda kwa mafungu matatu: theluthi moja majimbo yote yanagawana sawa, theluthi moja kwa idadi ya boti ambazo jimbo limesajili, theluthi moja kwa kiasi ambacho jimbo lenyewe limetumia mwaka uliopita. Lakini hupewi bure. Jimbo lazima liwe na mfumo wa kusajili boti unaokubaliwa, liwe na doria za kutosha, lifundishe watu, lipokee ripoti za ajali na kuzipeleka kwa Coast Guard, na likubali kushirikiana naye kwa makubaliano. Kwa hiyo zile namba zako za omo ulizozilalamikia siku ya kulipia (najua ulilalamika, wote hulalamika) zimeongeza hesabu ya Minnesota kwa boti moja, na kidogo cha hela hiyo ndicho kilichotia mafuta kwenye boti ya yule askari aliyewasimamisha Duluth.

Kwetu Kenya tumeanza kuonja mgawanyo wa namna hii na katiba ya 2010, feri na bandari zimewekwa kwenye orodha ya kaunti lakini usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa umebaki juu, na kila mtu bado anauliza hapa mwenye neno la mwisho nani. Wamarekani wamebishana hilohilo miaka mingi zaidi, tofauti ni kwamba wameweka pesa kwenye upatano.

Na je imesaidia? Mwaka 1973 walikufa watu zaidi ya 1,700 kwenye boti za starehe nchi hii. Mwaka 2023 walikufa 564, na boti zilizosajiliwa zilikuwa zaidi ya milioni 11, nyingi kuliko zamani hizo. Siwezi kukwambia ni sheria peke yake, boti zimekuwa bora, simu zipo, hospitali ziko karibu. Ila angalia hao 564: pale sababu ya kifo ilipojulikana, asilimia 75 walizama, na katika waliozama asilimia 87 hawakuwa wamevaa jaketi. Mengi ya hayo majaketi yalikuwemo botini, chini ya kiti, pembeni, kama lile la kijana wako.

Ndiyo maana pamoja na kwamba Duluth alikuwa halali, mimi ningemvalisha. Ziwa Superior ni baridi hata Julai. Mtu akianguka kwenye maji ya namna ile, dakika ya kwanza anahema bila kutaka, anaweza kuvuta maji palepale, halafu ana kama dakika kumi hivi kabla vidole na mikono kukataa kazi. Hakuna mtu anayevaa laifu jaketi akiwa ndani ya maji yale, jaribu siku moja kufunga zipu ya koti lako na mikono uliyoitoa kwenye barafu.

Kuhusu sura zenu. Sitakudharau kwa kusema haiwezekani, sikuwepo. Lakini kwa ulichoandika sioni dalili yake, walitaja kosa ambalo kweli lipo, hawakutoa faini, wakaondoka. Kitu ambacho watu wetu wengi hawajui ni kwamba majini si kama barabarani. Polisi wa barabarani anahitaji sababu ya kukusimamisha, lakini Coast Guard ana mamlaka ya kisheria kupanda chombo na kukagua nyaraka na vifaa bila kukushuku chochote, na sheria hiyo ni ya zamani sana. Kwa hiyo kusimamishwa tu, hata mara mbili kwa siku, si ushahidi. Lugha chafu, kuulizwa mambo yasiyohusiana na boti, kutengwa wewe peke yako kati ya boti kumi, hayo ni mengine, andika saa, mahali, namba ya boti yao, na upeleke malalamiko kwa maandishi. Na niseme na hili kwa sauti ya chini: Coast Guard tangu 2003 yuko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, na Ziwa Superior ni maji ya mpaka na Kanada. Kama kuna mtu botini ambaye makaratasi yake hayajakaa sawa, aongee na wakili wa uhamiaji kabla hamjashusha boti Duluth, sio baada. Na wote mbebe vitambulisho, mama akija abebe pasipoti yake kwenye mfuko usioingia maji.

Sasa mama. Hapa ndugu yangu sitakubembeleza. Wewe, mke, watoto watatu na mama ni sita, kibao kinasema 5. Mtoto si nusu mtu. Ukisoma kibao vizuri utaona kimeandika pia uzito kwa pauni, na wengine hupiga hesabu za kilo wakaona wana nafasi, lakini watu hawakai kama mifuko ya saruji, watoto wanakimbilia wote upande mmoja samaki akionekana. Na hapa ndipo utaona serikali mbili zikifanya kazi kwenye kipande kimoja cha bati: taifa limemlazimisha mtengenezaji kukibandika, jimbo ndilo linalokukataza kupakia kuzidi kilichoandikwa. Minnesota inakataza. Nenda safari mbili. Watu watano kwanza, mke wako akibaki ufukweni na chai, kisha mbadilishane.

Namba zako za MN huhitaji kuzibadili kwa kwenda Wisconsin wikendi. Majimbo yanatambuana, kanuni ya taifa inakupa siku 60 mfululizo kwenye jimbo lingine kabla hujatakiwa kusajili huko. Hakikisha tu herufi zina urefu wa inchi 3 au zaidi, rangi inayoonekana, pande zote mbili za omo. Na kwa kuwa ni mkono wa pili, usikae na karatasi ya mwenye boti wa zamani kwenye droo, nenda ofisi ileile unayosajilia gari ukabadilishe jina. Rafiki yako yeyote akikwambia ukaombe leseni ya boti kwa Coast Guard, mwambie boti yako ya starehe inaandikishwa na jimbo, basi.

Vifaa, nisikuchoshe. Jaketi moja linalomfaa kila mtu aliyemo, na kwa sababu umezidi futi 16 lazima uwe pia na kifaa cha kurusha, lile boya la duara au mto wenye mikanda, kiwe pale mkono unapofika, si chini ya mahema. Mtungi wa moto, ule wa kutupwa ukiisha, geuza chini usome mwaka, ukipita miaka 12 tangu utengenezwe hauhesabiki tena hata kama mshale bado uko kwenye kijani. Filimbi. Taa kama utarudi jioni. Nimekuta boti nzuri kuliko yako mara tatu, ya maelfu ya dola, mtungi wake wa moto una umri mkubwa kuliko binti wa mwenye boti.

Cheti cha udereva ndicho kinachobadilika sasa hivi na nakuomba usipitwe. Minnesota imeanza 1 Julai 2025 kudai kibali cha kuendesha boti kwa kupanda ngazi, imeanza na vijana waliozaliwa baada ya Juni 2004, kila mwaka inashuka kwa wakubwa zaidi, na ikifika 2028 itawagusa wote waliozaliwa baada ya 30 Juni 1987. Hukuniambia umri wako. Kozi ipo mtandaoni, chukua hata kama haijakufikia, na mkeo achukue pia, manake siku ukianguka wewe, yeye ndiye atakayebaki na usukani.

Mungu apishe mbali, ajali ikitokea: mtu akifa, akipotea, au akiumia kiasi cha kuhitaji matibabu zaidi ya huduma ya kwanza, ripoti ni ndani ya saa 48. Hasara ya mali peke yake ikifika dola 2,000, siku 10. Unaripoti kwa jimbo la mahali ilipotokea, si jimbo unalokaa, na jimbo ndilo linalompelekea Coast Guard. Majimbo mengine yanataka mapema kuliko hapo kwa hiyo piga simu siku hiyohiyo.

Mambo ya kutafuta mtu ana kwa ana ni machache. Ukiandikiwa tiketi ya kwenda mahakamani na hukubaliani nayo, nenda kwa wakili wa jimbo ilipoandikwa, wakili wa Minneapolis asikuzungushe na kesi ya Wisconsin. Ukiwa na wasiwasi na boti yenyewe, maji yanaingia pole pole, ubao wa tezi unacheza mashine ikiguswa, peleka kwa fundi, hilo halitatuliwi kwa maandishi. Na kabla msimu haujaanza tafuta ukaguzi wa bure wa wanaojitolea chini ya Coast Guard, tunakuja hata uani kwako, tukikuta kasoro hatuandiki faini wala hatumwambii askari yeyote, tunakuonesha tu, na ukiwa sawa tunakubandikia stika ya mwaka. Ni dakika chache, na mtoto wa 11 awepo, wao huwa wanakumbuka kila kitu wewe unachosahau.

Karibu nisahau kizibo. Sheria ya Minnesota inataka ukitoa boti ziwani uchomoe kizibo cha kutolea maji na usafiri kikiwa nje, ni kwa sababu ya wale kombe wadogo wenye mistari ya pundamilia wanaohamia ziwa hadi ziwa ndani ya maji yaliyobaki, na DNR hawana mzaha nalo. Hiyo Coast Guard hahusiki nayo kabisa. Shida ni asubuhi yake, mtu anashusha boti na kizibo kiko mfukoni mwa suruali aliyoiacha nyumbani. Mimi changu nakifunga kwa kamba nyekundu kwenye funguo za boti, siwezi kuwasha bila kukishika.

Na mama, jaketi lake mnunulie kabla hajafika ukiujua uzito wake, mjaribishe sebuleni, mwambie akae chini, kisha mshike mabegani mwa jaketi umnyanyue kidogo, likipanda hadi masikioni ni kubwa. Leso aifunge juu ya jaketi, isiwe chini yake.